Nchi Inayogeuza Tope

Nilikaa Makweo miezi mitano, na namshukuru Mungu aliyenipeleka na kunirudisha. Namna nilivyofika haimfaidii msomaji, hivyo naiacha. Nitaeleza mambo ya watu wale kama nilivyoyakuta, bila kutia chumvi, kwa kuwa yana chumvi ya kutosha.

Bahari ya Makweo iko katikati ya nchi, na watu wanaishi pembezoni mwake kama walaji waliozunguka sinia. Zamani maji yake yaliungana na bahari kuu kwa milango saba. Nilipofika, sita ilikuwa imezibwa kwa kuta za mawe. Uliobaki wazi ni Mlango wa Saba, penye nyumba kama mia tatu za watu wanaookota chaza. Upande wa zile kuta sita palikuwa na harufu nzito iliyonitoa machozi siku ya kwanza. Mwenyeji wangu aliniambia nisihofu, ni harufu ya bahari inayopona.

Jambo la kwanza analoliona mgeni ni vigoda. Kila mtu mzima amejifunga kigoda kiunoni. Watu wawili wakikutana njiani huulizana umri kabla ya kujuliana hali, kisha aliye mkubwa hutua kigoda chake, hukipanda, ndipo huamkiwa. Sheria yao ya kwanza ina maneno matatu: Mkubwa yuko juu. Ndani ya nyumba, mkubwa hulala kitanda cha juu hata kama magoti yake yamekufa. Wafu wao huzikwa kileleni mwa mlima, babu juu ya baba, baba juu ya mwana. Sokoni niliwaona mapacha wawili wauza mchicha, wenye kigoda kimoja kati yao.

"Shuka sasa, Mwajabu! Umekaa juu tangu asubuhi."

"Ningekuwa wa pili ningeshuka. Kamuulize mama nani alitangulia."

"Mama alikuwa amezimia!"

"Mimi sikuzimia. Nilikuona ulivyokuja."

Mimi nilikuwa na miaka hamsini na minane. Kwetu nilikuwa mwanafunzi mzee kuliko wote katika darasa la jioni, na walimu wa umri wa wanangu walinisahihisha kwa kalamu nyekundu. Makweo nilipewa kigoda cha mninga siku ya pili, na nakiri mbele za Mungu kwamba nilikipanda kwa furaha kubwa kuliko inavyompasa mtu wa sala. Sikuona ubaya. Kuwaheshimu wakubwa ni amri, na hawa walikuwa wameitimiza kwa mbao.

Wiki ya tatu nilipelekwa Nyumba ya Tope na Bwana Ngwere Shomvi, mtu mpole mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, ambaye cheo chake ni Mgeuzi Mkuu. Wamakweo hujisifu, na wana haki, kwamba hakuna taifa linaloijua historia ya bahari yake kama wao. Kila mwaka hushindilia bomba la chuma la mita nne katika sakafu ya bahari, wakalivuta likiwa limejaa tope. Ndani ya tope hilo mna vigamba vya viumbe wadogo kuliko punje ya chumvi. Viumbe hao huishi, hufa, na vigamba vyao hutua chini, mwaka juu ya mwaka. Kila aina ina matakwa yake: wako wanaotaka maji ya chumvi kali, wako wa maji ya baridi, na wako wachache wanaovumilia tope lisilo na hewa wakati wenzao wote wameangamia. Anayewatambua kwa maumbo yao na kuwahesabu anaweza kusema bahari ilikuwaje katika siku ambazo hakuna aliyeziandika. Niliposikia hayo nilimtukuza Mungu kimoyomoyo, aliyeweka kumbukumbu hata ndani ya matope.

Siku hiyo bomba jipya lilikuwa limewasili. Watu wanne wenye kanzu nyeupe walilishika, Bwana Ngwere akapiga makofi matatu, nao wakaligeuza taratibu hadi ncha iliyokuwa chini ikawa juu.

"Mbona mnaligeuza?" nikauliza.

"Mgeni wetu, tope la zamani si ndilo linalokuwa chini?"

"Ndilo."

"Na la zamani si mkubwa wa la juzi?"

"Ni mkubwa."

"Basi tumwache mkubwa amekaliwa kichwani na watoto?" Akatabasamu kwa huruma, kana kwamba ninatoka kwenye nchi isiyo na malezi. "Huko baharini hatuna la kufanya, bahari haina adabu. Lakini likishaingia nchini, tope linafuata sheria."

"Na wasomaji wenu wanajua kwamba limegeuzwa?"

"Wasomaji wako ofisi nyingine. Nasikia wanaanza kusoma kutoka chini, kwa sababu kitaalamu tope la zamani liko chini. Hilo linajulikana dunia nzima."

Niliuliza kama ofisi hizo mbili huwa zinaongea. Alinieleza kwamba mkuu wa Wasomaji na yeye walizaliwa siku moja, saa haijulikani, na kwa kuwa hakuna anayejua nani apande kigoda, miaka kumi na tisa sasa hawajaweza kusalimiana.

Historia ya bahari, kama ilivyochorwa ukutani, ilikuwa hivi. Miaka elfu moja iliyopita bahari ilikuwa mfu, yenye tope jeusi linalonuka kama yai viza, na vigamba vya aina mbili tu. Kisha, muda mfupi baadaye, ikapona: tope likawa la kijivu, aina za vigamba zikaongezeka hadi arobaini, na hivyo ndivyo ilivyo hadi leo. Uponyaji huo uliletwa na kuta sita. Ukuta wa kwanza una miaka sabini, na bahari ilianza kupona zaidi ya miaka mia tisa kabla yake, lakini hilo halikumsumbua mtu. Bwana Ngwere alisema bahari ilikuwa inazisubiri kuta kwa matumaini.

Katikati ya ukumbi palikuwa na kabati la kioo lililozungushiwa kamba nyekundu. Ndani yake mlikuwa na vizibo vitano vya soda na kitana cha plastiki, vilivyopatikana ndani ya tope la kale kuliko yote. Maandishi yalisema: Vizibo vya Wahenga. Wakati mataifa mengine yanakunywa maji ya mtoni, wazee wetu walikuwa wakinywa soda. Darasa zima la watoto wa shule lilikuwa limesimama hapo likinakili.

"Alhamisi ijayo Baraza linapiga kura kuziba Mlango wa Saba," Bwana Ngwere alisema tukitoka, "ili uponyaji ukamilike. Nyumba zile za waokota chaza zitahamishwa. Ushahidi wote umo kwenye taarifa ya msomaji wetu bora, Bi Siwema Pazi. Kamsalimu, mtaalamu yule."

Nilimkuta Bi Siwema katika chumba chembamba chenye machekecheo na vijisahani, ameshika burashi ya nywele tatu. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Akapiga goti, akasema shikamoo, nami nikaanza kufungua kigoda changu.

"Marahaba, mwanangu."

"Usipande kwanza, tafadhali," akasema. "Nataka uone kitu, na hadubini iko mezani. Ukipanda hutaona."

Niliinama nikatazama. Kulikuwa na kigamba kimoja, cheupe, kilichojikunja kama konokono. Pembeni mwake zilitoka nyuzi nyembamba sana, nazo zilikuwa zikinyooka na kujivuta, polepole.

"Kinatembea," nikasema.

"Kinatembea. Kimetoka kwenye tope lililoletwa juzi, lile la chini kabisa. Umri wake daftarini ni miaka elfu moja."

Nilinyanyua kichwa nikamtazama.

"Ulimwambia Bwana Ngwere?"

"Nilimwambia. Alisema, 'Tumshukuru Mungu, wazee wetu wana afya njema.'"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Nimezaliwa Mlango wa Saba," akasema. "Mama yangu yuko pale mpaka leo, kila maji yakitoka anaingia na kikapu chake. Wakiziba, bahari haitakuwa na pa kupumulia kabisa. Itakuwa nyeusi yote. Na aliyeandika kwamba wazibe ni mimi. Nimehesabu vigamba laki moja na kitu kwa miaka minne, na sikukosea hata kimoja. Nilikosea ncha."

Nilikumbuka jioni moja darasani kwetu. Mwalimu alitia mchanga, udongo na maji ndani ya chupa, akaitikisa, akaiweka dirishani. Tulikuwa watu wazima kumi na wanane, wapishi, makuli, fundi cherehani mmoja, na sote tulitazama mchanga ukitangulia kutua na udongo ukiufuata juu yake. Kilichotangulia kiko chini. Nilijifunza hilo nikiwa na miaka hamsini na sita, nikalala nalo kwa furaha kama mtu aliyepewa zawadi. Sasa nilimweleza Bi Siwema hilo, na jinsi nilivyoona bomba likigeuzwa.

"Basi twende ukaliambie Baraza," akasema.

Aliye chini ya miaka hamsini hana ruhusa ya kusema mbele ya Baraza la Makweo. Anahitaji mkubwa wa kumsemea. Na sheria nyingine inasema kwamba msomaji anayedai kwamba mkubwa akae chini atanyang'anywa hadubini maisha yake yote. Yeye alikuwa tayari kwa hilo. Mimi, ambaye sikuwa na cha kunyang'anywa ila kigoda, nilimwambia anipe muda wa kusali.

Nilisali siku tatu nikimwomba Mungu anionyeshe njia. Kusema kweli njia ilikuwa ikionekana. Nilichokuwa naomba ni ruhusa ya kutoipita. Siku ya nne, ambayo ndiyo ilikuwa Alhamisi, niliona aibu kumsumbua zaidi, nikavaa koti langu, nikaenda pamoja na Bi Siwema.

Ukumbi wa Baraza ni mrefu kwenda juu kama ghala la nafaka. Viti vimepachikwa kwenye nguzo, na kila miaka kumi ya umri inampandisha mjumbe mita moja. Juu kabisa, mita tisa na kitu, karibu na tundu la paa, alikaa Mzee Mwinchande, mwenye miaka tisini na minne, mkubwa wa nchi nzima. Alivutwa huko kwa kamba miaka kumi na mmoja iliyopita na hajashuka tangu hapo. Uji hupelekewa kwenye kikapu. Kwa kuwa hasikiki kutoka huko, maneno yake huteremshwa na wapokezi waliosimama kwenye ngazi, na kila mpokezi anatakiwa kuondoa ukali kidogo na kuongeza heshima kidogo. Asubuhi ile mzee alipaza sauti kwa muda mrefu, akapiga fimbo kwenye kiti. Maneno yalishuka ngazi baada ya ngazi, na karani akaandika: Mzee anawapenda nyote na anasifu hewa.

Waziri wa Kuta, Bwana Dihenga, mwenye miaka sabini, aliisoma taarifa ya Bi Siwema kwa sauti nzuri. Kisha nikaruhusiwa kusema. Nilisema kwa kifupi kwamba bomba linageuzwa na wageuzi, halafu linasomwa kana kwamba halikugeuzwa. Nikasema tope jeusi ndilo la leo, na la kijivu ndilo la zamani.

"Mgeni," Bwana Dihenga akauliza, "kwenu wakubwa hukaa chini?"

"Huzikwa chini, mheshimiwa."

"Chini ya nini?"

"Chini ya ardhi. Sisi tunatembea juu."

Ukumbi uliguna. Mama mmoja wa mita ya sita alijiziba masikio kwa upindo wa khanga.

"Mnawakanyaga wazee wenu!"

"Tunasimama juu yao," nikasema. "Hatuna pengine pa kusimama."

"Na vizibo? Unataka kutuambia wahenga wetu hawakunywa soda?"

"Sijui walikunywa nini, mheshimiwa. Vile vizibo ni vya juzi."

Hapo kelele zilikuwa nyingi. Mjumbe mmoja alisema nimelitukana taifa. Mwingine, mtu wa suluhu, alipendekeza nusu ya tope igeuzwe na nusu iachwe, ili pande zote ziridhike. Wa tatu alisema tope liachwe kama lilivyo na iundwe kamati ya kuangalia uwezekano wa kuigeuza bahari. Pendekezo hilo liliungwa mkono na watu wengi.

"Muda umekwisha," akasema Bwana Dihenga. "Wanaotaka Mlango wa Saba uzibwe, wanyooshe mikono. Mikono isizidi kichwa cha Mzee, kama kawaida."

Watu walicheka, maana kichwa cha Mzee kilikuwa mita tisa juu. Kabla mkono wa kwanza haujanyooka, Bi Siwema alichukua makopo mawili ya tope kutoka kwenye kikapu chake, akayafunga kwa khanga mgongoni kama mtu anayebeba mtoto, akaanza kuipanda ngazi.

"Shuka!" walimpigia kelele. "We binti, shuka!"

Alipita miaka hamsini, akapita sitini. Alipita sabini, pale alipokaa Waziri wa Kuta, na Waziri alinyoosha mkono amkamate mguu, akaurudisha haraka, kwa kuwa ili kumfikia ilibidi ainuke juu kuliko mama wa miaka sabini na miwili aliyekuwa kando yake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wote. Hakuna aliyeweza kumfuata bila kumpita mkubwa wake. Nilifumba macho nikamwombea asiteleze. Nilipofumbua, ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba sote tulisikia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nani huyo? Mbona sauti yako haijapambwa?"

"Ni Siwema, babu, wa Mlango wa Saba. Nimekuletea tope unuse."

"Macho yamekwenda lakini pua ninayo. Lete."

Tulisikia kopo la kwanza likifunguliwa, kisha mzee akikohoa.

"La leo hili! Harufu hii inaingia kwenye tundu hili kila asubuhi. Miaka kumi na mmoja nawaambia bahari inaoza, inaoza, na hakuna hata mmoja anayenijibu!"

Karani pale chini aliangalia daftari lake, akalifunga.

"Na hili, babu? Nililichimba mwenyewe, na sikuligeuza. Lilikuwa chini ya lile, shubiri moja u nusu, na taarifa iliyosomwa hapa inasema ndilo la leo."

Safari hii alinusa mara mbili.

"Hili tulikuwa tukijipaka mwili mzima," Mzee Mwinchande akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Tunajipaka, tunakimbizana, halafu tunajitosa. Mama alikuwa akinuka hivi akirudi na chaza. Hili ni la utoto wangu. Nani aliyesema hili ndilo la leo?"

"Mimi, babu. Niliandika mimi."

"Basi kafute."

"Sina umri wa kufuta."

Mzee akagonga kiti kwa fimbo. "Niteremsheni," akasema.

Wapokezi hawakujua wapambe vipi neno hilo, kwa hiyo likafika chini kama lilivyotoka. Ilichukua karibu nusu saa kumshusha kwa kamba, mguu mmoja umening'inia nje ya kikapu. Alipofika alikataa kiti. Akaketi kwenye sakafu, kwenye mkeka wa karani, akanyoosha miguu yake miembamba na kuanza kuikanda.

Hapo Baraza la Makweo lilipata tatizo ambalo sheria zake hazikulitazamia. Mkubwa yuko juu, na mkubwa alikuwa sakafuni. Wajumbe walishuka kwenye nguzo zao mmoja mmoja wakakaa chini, wakaona bado wako sawa naye, wakalala kifudifudi. Bwana Dihenga, shavu lake likiwa limebanwa kwenye saruji, alisema kwa heshima kubwa:

"Tuendelee na kura."

Mjumbe mmoja aliinua kidole. Wenzake wakamzomea. Kilikuwa kimempita Mzee bega, na mkono mzima ungempita kichwa.

"Mzee wetu," akasema Waziri, "tunakuomba urudi juu, tumalize kazi ya taifa."

"Sirudi. Huku chini nasikia."

Walimbembeleza mpaka adhuhuri. Nilipotoka kwenda kusali walikuwa wamelala pale wote, wanasogeza vichwa vumbi lisiwaingie puani, na Mzee alikuwa anamuuliza karani habari za ndugu zake ambao hakuwasikia tangu alipopandishwa.

Mlango wa Saba haukuzibwa. Sitaki msomaji adhani kwamba Wamakweo walishawishika. Hakuna walichoweza kupitisha, hivyo milango sita haikufunguliwa, wageuzi wanaendelea kugeuza, na vizibo bado vina kamba nyekundu. Hawakuweza pia kupiga kura ya kumnyang'anya Bi Siwema hadubini. Yeye sasa anasoma kutoka ncha ya pili. Mkuu wake hajatambua, kwa sababu jumla ya vigamba ni ile ile.

Kila kitu sasa kinategemea pumzi ya mzee mmoja, maana anayemfuata kwa umri ni mpenzi mkubwa wa kuta na ameshaahidi kwamba zamu yake ikifika atapanda mara moja. Watu wa Mlango wa Saba humletea Mzee mchuzi wa samaki na mapapai, na mama yake Bi Siwema huja kila jioni kumkanda miguu. Waziri wa Kuta naye, kwa heshima zote zinazostahili umri ule, humpelekea halua, nyama ya mafuta, na chai yenye vijiko saba vya sukari.

Nilikwenda kumuaga. Nililala kifudifudi kama desturi ilivyotaka, na nikiwa pale chini niliona kwamba sala huja kwa urahisi zaidi kuliko juu ya kigoda. Nilimwombea maisha marefu, kwa moyo wangu wote. Nilipoondoka Makweo alikuwa ametimiza miaka tisini na mitano, na halua ilikuwa ikirudi kwa Waziri kila jioni, ikiwa nzima.